Ramani ya mijusi adimu: iwe wazi au ifichwe?

MletaMada: Wadau hili linanisumbua. Afrika Kusini ukitaka kujenga au kulima eneo jipya kuna mfumo wa serikali wa mtandaoni unakwambia pale kuna viumbe gani wa kuangaliwa. Sasa wale wanaosakwa na walanguzi hawatajwi jina, wanapewa namba tu, "kiumbe nyeti namba fulani" basi, ukitaka jina mtaalamu wako aliombe SANBI, taasisi yao ya bioanuwai. Mimi naona tunamficha asiyehusika. Mlanguzi keshajua, anayebaki gizani ni mwenye shamba.

Mfano yule mjusi wa miiba anaitwa sungazer, dunia nzima yuko Afrika Kusini tu, Free State na Mpumalanga, anachimba shimo lake kwenye nyasi za kule nyanda za juu na hapo ndo kwao. Trekta likija kufungua shamba la mahindi kwisha habari yake. Huyo hajaibiwa, kalimwa! Mkulima atamkwepaje kama hajui yuko?

Kengemaji: Mkuu umeng'ang'ania shamba, nenda kwenye miamba huko magharibi uone. Kuna mjusi akiogopa anajikunja anauma mkia wake anakuwa kama pete, na wanakaa kundi zima ufa mmoja. Mtu akiipata GPS yake anakuja na mtaimbo anabandua mwamba anaondoka na wote kwa mpigo, na hao wanazaa kamoja au kawili tu kwa mwaka. Haya tuseme mwizi kakamatwa uwanja wa ndege, ule ufa utaunganisha na gundi? Tena kama hujui wametolewa jiwe gani utawaachia wapi, popote tu?

Mluguru_halisi: Mnabishana ya mbali, sisi Moro tulishaonja. Yule mjusi wa bluu wa Kimboza, kamsitu kadogo tu chini ya Uluguru, wanunuzi wa Ulaya na Marekani walimpenda mpaka watu wakawa wanakata mikadi anayoishi ili wamshike kirahisi. CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, wanakuja kufunga biashara yake 2017 mikadi ishalala chini. Kwa hiyo mimi nipo na Kengemaji, ficha.

MletaMada: Mluguru si umenibeba mimi hapo! Waliokata mikadi walihitaji ramani ya mtaalamu gani? Sawa, GPS ya ufa wa mwamba ifichwe, hiyo nimekubali sitaki ubishi. Ila aliye kwenye ardhi ya mtu, mwenye ardhi aambiwe jina na aonyeshwe shimo. Kuna kobe wa Western Cape mwenye michoro ya nyota mgongoni, vichaka vyake vimeliwa na ngano na zabibu, vimebaki viraka viraka na vingi viko kwenye mashamba ya watu. Huyo utamlinda vipi bila mwenye shamba, kwa namba?

Kengemaji: Aambiwe sawa. Na akishajua kwamba mjusi mmoja akionekana anaweza kukosa kibali cha kulima, halafu trekta ni lake na jirani wa karibu yuko kilomita tano, wewe unadhani usiku huo anafanya nini? Nijibu hilo kwanza.