Wajukuu wa Bibi Mwana: ile safari ya Pyongyang

Da Zuhura: Asalaam aleikum. Mliosema Korea Kaskazini, tuongee leo. Kule hakuna kujiendea. Mnapita kwa wakala, mnapewa waongozaji wawili, na nje ya hoteli hamtoki bila wao.

Juma: Wawili kwa sisi sita? Wameonewa 😂

Da Zuhura: Juma tulia. Visa ya China iwe ya kuingia MARA MBILI. Mnaanzia Beijing, mnapanda Air Koryo, ndege ya kwao, au treni inayopita Dandong, mji wa China mpakani, halafu mnarudi huko huko. Ya mara moja mtakuwa mmeshaitumia.

Rehema: Kwani kumefunguliwa?

Da Zuhura: Walifunga Januari 2020. Warusi wakaanza kuingia Februari 2024. Rason, lile eneo la biashara kule mpakani, ikafunguliwa kwa wengine Februari 2025, haikupita hata miezi miwili ikafungwa. Ndiyo maana nataka michango mapema, wakifungua tu tunaondoka.

Rehema: Michango mapema kama safari ile? Nilirudishiwa nusu, Zuhura.

Juma: 🍿

Da Zuhura: Hilo tulishalimaliza. Noti ndogondogo za yuro au yuani, chenji ni shida na kadi za benki hazifanyi kazi. Shemeji wa pasipoti ya Uingereza ajue akishafika kule ESTA ya Marekani, kile kibali cha mtandaoni cha kuingia bila visa, hapati tena, atapanga foleni ya visa ubalozini.

Rehema: Hatukulimaliza. Ulinyamaza.

Da Zuhura: Gazeti lenye picha ya kiongozi halikunjwi usoni, wala halifungiwi viatu. Mansudae, kilima cha Pyongyang chenye sanamu za Kim Il Sung na Kim Jong Il, mnaweka maua na kuinama mbele ya zile sanamu mbili. Picha mzipige nzima, msikate miguu. Mkikosea, anayebanwa kwanza ni mwongozaji. Vitabu vya dini viacheni nyumbani.

Juma: Na Rehema tumwache, atawadai hata wao 😂😂

Babu Salim: Msahafu ubaki nyumbani, nyinyi mkainamie sanamu?

Da Zuhura: Babu, ni adabu ya wenyeji tu, si ibada.

Babu Salim: Nimeuliza, sikuomba kufundishwa.

*(saa tano baadaye)*

Kaka Idi: Ndiyo naona sasa hivi. Mimi nimo. Ila pasipoti imebakiza miezi minne, inatosha?

Da Zuhura: Haitoshi, kabadilishe. Wengine?

Juma: Babu kasemaje mwisho?

Da Zuhura: Nitampigia kesho. Rehema, njoo inbox.

Rehema: Sema hapa hapa.