Naomba ushauri: Tunaenda Ruaha mwezi wa 7, tubebe nini?

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, natarajia kuwapeleka mke na watoto wawili Hifadhi ya Ruaha kwa siku tatu, tukipitia Mtera na Iringa. Safari zetu huwa za kijijini Kongwa tu, hifadhini ndiyo mara ya kwanza.

Mama watoto ameshajaza mabegi utadhani tunahama. Mimi naona nguo chache zinatosha, ila masweta lazima. Baridi ya Iringa msimu huo si ya kitoto, na alfajiri kwenye gari la wazi sijui itakuwaje.

Kinachonisumbua hasa ni mbung'o. Wanavutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, na jinzi za nyumba nzima ni bluu! Nikatafute kaki za mitumba Sabasaba? Na hizi dawa za kupaka za mbu zinawazuia, au najidanganya?

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo chakula tutabeba kwenye vikapu na hotipoti. Darubini nimeahidiwa moja ya kuazima. Itatosha watu wanne, au watoto watagombana njia nzima?

Waliowahi kwenda, nini mlibeba mkajuta?