Barua ya kodi kwa sababu ya kadi za besiboli (niko kwa viza ya kazi ya H-1B, ombi langu la green card, I-485, linasubiri)

Baba Zuhura:
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina jambo linalonikosesha usingizi. Baadhi yenu mnajua natengeneza kadi za besiboli kwa mtindo wa zamani. Siwatengenezi nyota, hao wana kadi kila duka. Nawatafuta waliocheza mechi chache wakasahaulika. Picha za wale wa zamani nazichukua maktaba ya Congress, zile zilizokwisha hakimiliki, nachapa kwenye kadibodi isiyong'aa, naipitisha kwenye chai ya rangi iliyokolea, ikikauka nasugua pembe kwa msasa laini. Nyuma naandika maisha ya mchezaji, na chini kabisa, kwa herufi zinazosomeka, kwamba kadi imechapwa sasa, mtu asije akauziwa kama ya 1910.

Nauza kwenye soko moja la mtandaoni. Wakanitumia 1099-K, fomu ya kuripoti malipo niliyopokea, yenye jumla yote, hadi pesa ya posta na kamisheni waliyokata wao wenyewe. Sasa ofisi ya kodi imeniandikia kwamba kiasi hicho hakionekani kwenye 1040 yangu, ile fomu ya kodi ya mwaka. Niweke Schedule C, fomu ya mapato ya biashara, au niseme ni hobi? Nikisema biashara, uhamiaji watanielewaje?

Mama Upendo, Columbus:
Pole sana kaka. Mbona kiwango cha kutumiwa 1099-K ni dola 20,000 na miamala zaidi ya 200? Ile sheria ya Julai 2025 ilirudisha kiwango cha zamani. Kama hukufika huko, wamekutumia fomu ya nini? Mimi nauza vitenge na sijawahi kuiona.

Mzee wa Minneapolis:
Mama Upendo, tafadhali tusimpotoshe kijana. Hicho ni kiwango cha shirikisho. Massachusetts, Vermont, Virginia na Maryland ni dola 600 tu. Illinois ni 1,000 na miamala minne. Na fomu ije isije, mapato ni mapato, unayaandika. Baba Zuhura, uko jimbo gani? Pia tazama pembe ya kulia ya barua, juu au chini: ni CP2000 au ni bili? CP2000 ni pendekezo, kwa kawaida unapewa siku 30 kujibu, na unaweza kupinga kwa risiti. Usikae kimya.

Kaka wa Houston:
Mnahangaika na kodi huku I-485 ya mtu iko mezani! H-1B inakuruhusu kumfanyia kazi mwajiri aliyekudhamini, basi. Kutengeneza kitu na kukiuza ni kazi. Una EAD ya C09, kile kibali cha kazi cha wanaosubiri I-485? Ulianza kuuza kabla au baada ya kuipata? Shemeji yangu alikuwa akipika sambusa za harusi. Siku ya usaili ofisa akafungua transcript zake za kodi, akaweka kidole kwenye mstari wa Schedule C na kuuliza, "Hii ni nini?" Aliokolewa na 245(k), kifungu cha sheria ya uhamiaji kinachosamehe hadi siku 180 za kazi bila ruhusa kwa sisi tunaoomba green card kwa njia ya kazi, na wakili alikuwa amekaa pembeni yake.

Mama Upendo, Columbus:
Mzee, kwa heshima zote, sikumpotosha mtu, nimetaja sheria iliyopo. Na hiyo hobi msiione kuwa pa kukimbilia. Tangu 2018 gharama za hobi hazikatwi: mashine ya kukatia, kwa mfano, inabaki juu yako. Schedule C unakata, ila faida ikifika 400 unaongezewa 15.3% ya kujiajiri.
Kaka, hebu tuambie, ni wachezaji gani hao?

Baba Zuhura:
Asante dada, kwa hili naweza kukesha. Wa kwanza ni Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa Toledo, 1884. Mtu mweusi kwenye ligi kuu miaka 63 kabla ya Jackie Robinson! Alidaka bila glavu za maana, na mrushaji wake mmoja alikiri baadaye kwamba alikuwa akipuuza ishara zake kwa sababu ya rangi. Mwingine ni William Edward White, aliyezaliwa utumwani Georgia, akacheza mechi moja tu na timu ya Providence mwaka 1879. Na wa karibu yetu: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kufika ligi kuu. Aprili 26, 2017, akiwa na Pittsburgh, mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga vizuri mpira wa mrushaji Jon Lester akafika kituo cha kwanza. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya Randburg, wakiishi kwenye chumba cha klabuni. Nyuma ya kadi nimeanza na mama huyo.

Mzee wa Minneapolis:
Huyo Walker mwaka 1908 alichapisha kitabu akiwahimiza weusi wa Marekani wahamie Afrika. Nimekisoma, na kiliniuma. Mtu aliyeipenda nchi hii hadi mikono ikapasuka, ikamfikisha mahali pa kusema afadhali tuondoke.

Mama Upendo, Columbus:
Amezikwa Steubenville, hapa hapa Ohio! Jamani. Mdogo wangu alisoma Azania, pale Dar kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Sisi tulikuwa na rede tu, jioni, vumbi hadi magotini, mpaka mama aite mara ya tatu. Ningetoa chochote kwa jioni moja ile.

Ssalongo, Boston:
Msiwasahau watoto wa Kampala. Mwaka 2011 walishinda tiketi ya kwenda Williamsport, kombe la dunia la Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Marekani, wakanyimwa viza kwa mambo ya vyeti na umri. Mwaka 2012 wa Lugazi wakafika. Wale wa 2011 walikuwa watoto. Nani atawarudishia kiangazi kile? Na leo ni yale yale, waulizeni Warundi waliowekewa vikwazo vya viza tangu Juni 2025.

Kaka wa Houston:
Siasa zina uzi wake, Ssalongo.

Ssalongo, Boston:
Viza za watoto si siasa, kaka.

Mzee wa Minneapolis:
Baba Zuhura, bado hujataja jimbo.

Mama Upendo, Columbus:
Kaka, mimi nataka Walker mmoja na huyo Ngoepe, wanangu wamjue. Nikutumie kwa Zelle leo?

Kaka wa Houston:
Mama Upendo, usimtumie hela! Baba Zuhura, funga duka mpaka umwone wakili, na nijibu kuhusu ile C09.

Baba Zuhura:
Dada, nitakuletea bure nikija Columbus. Walker ana matoleo mawili, la Toledo na la Oberlin, chuo alikosoma. Unapenda lipi?