Ubunifu na takwimu katika usanifu wa programu: msanifu afuate kipi?

Muulizaji, Mtwara Mjini: Habari zenu. Ninasanifu programu ya simu inayowaonyesha wakulima bei za korosho mnadani. Nilichora kitufe chenye picha ya bibo, nikakipenda mno. Lakini takwimu zinaonyesha kwamba wengi hufika kwenye ukurasa huo, wakasita, kisha wakatoka bila kukigusa. Je, nifuate jicho langu au tarakimu?

Mchangiaji, Masasi: Tarakimu zimekuonyesha mahali wanapokwama, hazikukuambia sababu. Nenda ghalani siku ya kupima korosho, mpe mkulima simu, kaa kimya, utazame kidole chake kinaelekea wapi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kufanya jaribio na watumiaji 5 tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro, kwa hiyo usisingizie bajeti.

Mchangiaji, Lindi: Nakubaliana na wa Masasi, ila takwimu nazo zikiachiwa usukani huchosha. Mwaka 2009 msanifu Douglas Bowman aliondoka Google akilalamikia, pamoja na mambo mengine, kupimwa kwa aina 41 za rangi ya buluu ili kuona ipi inafanya vizuri zaidi. Binafsi huchora kwanza, nikapima baadaye; kipimo bila mchoro hakina cha kupima.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Leo nimeshinda ghalani, na mzee mmoja ameniuliza, "Mwanangu, hili bibo linauzwa?" Kumbe alidhani ni tangazo! Nimeandika "Bei ya leo" chini ya picha kwa herufi kubwa. Bibo nimelibakiza.