Baskeli vichochoroni Mji Mkongwe: tuzizuie, au tuzishushe mwendo?

Mtoto wa Kiponda

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mtaani kwetu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna karatasi inazungushwa mabarazani. Inataka baskeli zizuiwe kabisa kupita vichochoroni kuanzia alasiri mpaka isha. Wanaoiunga mkono wanasema Mji ni wa watu wa miguu tokea ulipojengwa. Wanaoipinga wanauliza nani atabeba boflo, yaani mikate, za mtaa mzima kichwani. Nimeletewa nitie saini mara mbili, na mara zote mbili nimeirudisha bila saini. Naeleza kwa nini, nanyi mnipinge.

Mimi nina sababu ya kutia saini mbele ya wengi. Mama yangu amegongwa na baskeli. Ilikuwa baada ya alasiri, anatoka kwa jirani na sahani ya visheti aliyoifunika kwa kawa. Kona ya nyumba yetu ni ya zile ambazo ukuta umetokeza, hujui nani yupo upande wa pili mpaka mmekutana uso kwa uso. Usukani ulimpiga ubavuni, akaangukia ukingo wa baraza. Nilikuwa ndani. Nilisikia sahani kwanza, halafu nikamsikia yeye. Kijana mwenye baskeli hakukimbia. Tulimbeba pamoja, mimi mabegani yeye miguuni, mpaka barabara ya gari, maana gari kwetu haliingii. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Usiku niliporudi kutoka hospitali, baskeli ilikuwa bado imeegemea mlango wetu. Nikachuchumaa na tochi ya simu, nikaikagua. Breki ya mbele haina mpira hata kidogo, ni chuma kitupu kinachosugua ringi. Ya nyuma ukiibana haifiki kwenye ringi. Kengele haipo, kuna alama ya kutu tu mahala ilipofungwa. Mama sasa anatembea kwa mkongojo, na akiifikia kona ile husimama, akagonga ukuta kwa mkongojo mara mbili tatu kabla hajapita. Bi mkubwa wa zaidi ya miaka sabini anabisha hodi kwenye njia aliyozaliwa.

Basi kwa nini sijatia saini? Kwa sababu nimepiga hesabu, na hesabu yenyewe inanionesha kwamba tatizo ni mwendo. Baskeli inayokwenda kilomita 15 kwa saa, mwendo ambao kijana anaufika bila kutoka jasho, inakata mita 4 na kidogo kila sekunde. Mtu akiona kitu mbele yake inapita kama sekunde nzima kabla mkono haujabana breki. Yaani mita 4 zimekwisha na bado hajaanza kusimama. Kona zetu ngapi zinakuonesha mita 4 mbele? Pale kwetu huoni hata 2. Kwa hivyo hata breki zingekuwa mpya, kwa mwendo ule mama angeanguka vilevile. Sasa ishushe baskeli mpaka mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa: sekunde ileile inakula mita 1 na kitu, na ukitia mguu chini umesimama. Na kishindo hakipungui kidogo kidogo. Mwendo ukishuka kutoka 15 hadi 5, nguvu ya kugonga inabaki sehemu 1 ya 9.

Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa, wengine kabla hatujajua kuandika majina yetu, kwamba aliyepanda ndiye anayemsalimia anayekwenda kwa miguu, na anayekwenda kwa miguu ndiye anayemsalimia aliyekaa. Tumelishika hili kama adabu ya ulimi. Lakini lina mwendo ndani yake. Huwezi kumsalimia mtu na ukalisikia jibu lake ikiwa umempita kama mshale. Mahamali wa magari ya mkono wanalijua hili, ndiyo maana utawasikia "hodi, hodi!" kabla hujaona hata gurudumu.

Rai yangu ni hii: vichochoroni baskeli iende mwendo wa salamu, saa zote, si alasiri tu. Na kwenye kona isiyoonesha upande wa pili, mtu ashuke, akokote. Anayeona nimekosea aseme.

Bi Mkubwa wa Vuga

Mwanangu, Allah amponye mama yako. Umesema maneno mazuri, lakini mimi saini yangu nimeshaitia na siioni sababu ya kuijutia.

Mwendo wa salamu utapimwa na nani? Ukisema "hakuna baskeli kuanzia alasiri mpaka isha," mtoto wa miaka sita anajua kama mtu amevunja au hajavunja. Ukisema "nenda taratibu," kila mmoja ana taratibu yake. Kijana akikwambia "mbona nilikuwa nakwenda polepole," utamjibu nini?

Na saa hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ndipo watoto wanapotoka vyuoni, wote kwa pamoja, wanakimbia hawatazami. Ndipo wazee wanapokwenda msikitini na kurudi. Ndipo sisi wanawake tunapotembeleana. Mimi nimeacha kwenda kwa dada yangu Mkunazini jioni. Si kwa maradhi, ni kwa khofu. Naulizwa mbona huonekani, naona haya kusema naogopa baskeli. Na masika mawe yakilowa ni balaa jengine, maana hata mwenye breki anateleza.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba Mji huu mwanzoni mwa karne iliyopita ulikuwa na garimoshi la Bububu, likianzia upande wa Ngome Kongwe, likipita milangoni mwa watu mpaka ukutani pa kujibanza hapana. Liliondoshwa, na Mji haukufa njaa. Kitu kikiwa hakilingani na njia, kinaondoka kitu, njia inabaki.

Boflo

Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ndiye huyo anayesemwa, au mfano wake. Nauza boflo na nakuja na baskeli. Sina ubishi kwamba tunaumiza watu. Lakini mkiandika sheria, mujue mnaiandikia nini.

Boflo ya jioni ndiyo biashara. Ya asubuhi inanilipia unga wa nyumbani, ya jioni inalipa skuli na kodi. Inatoka tanuri baada ya alasiri, na mtu anaitaka kabla ya magharibi, ikiwa moto. Ukinizuia kuanzia alasiri mpaka isha, umeniambia niuze mikate baridi kwa watu waliokwisha kula.

Na ndugu yetu wa Kiponda, hilo la kushuka kila kona hujalijaribu ukiwa na tenga. Tenga liko nyuma, zito, limekaa juu. Nikiwa nimepanda, uzito wangu unalituliza. Nikishuka, baskeli inataka kuanguka kwa nyuma, gurudumu la mbele linanyanyuka, na ikianguka itamwangukia mtu. Napunguza mwendo, ndiyo. Napiga kengele, ndiyo. Lakini kona nikisema nizihesabu kutoka Darajani mpaka Shangani, na kila moja nishuke nipande tena, boflo zitafika saa ya isha hata bila ya marufuku yenu.

Na jambo jengine linaniuma. Njia zimekuwa nyembamba kuliko zilivyojengwa. Duka limetoa vinyago nje, jengine limetundika picha na vitenge ukutani, la tatu limeweka meza. Njia ya mita mbili imebaki moja. Mgeni anaona mlango wenye nakshi, anasimama ghafla katikati, anarudi nyuma hatazami apate kuupiga picha vizuri. Kijana wa hapahapa masikio ameyaziba na simu, kengele naipiga mpaka kidole kinauma. Na vespa na pikipiki mbona hazimo kwenye karatasi? Baskeli ikikugonga utavunjika. Pikipiki je?

Ughaibuni

Naandika kutoka London, lakini kwetu ni Malindi. Naleta machache ya huku, kwa sababu ugomvi huu upo huku pia, tena mkali.

Mwaka 2016 mwanamke alikuwa akivuka barabara hapa London, akagongwa na kijana aliyepanda baskeli isiyokuwa na breki ya mbele, akafariki. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2017, sheria iliyompeleka kijana jela miezi 18 ilikuwa ya mwaka 1861, wakati wa magari ya farasi. Watu walishangaa kwamba nchi yenye baskeli nyingi kiasi hiki imekaa miaka yote hiyo bila ya kuandika sheria mpya ya mwenye baskeli anayeua mtu.

Mwaka 2022 walibadilisha kanuni zao za barabara wakaingiza msingi mmoja: mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kudhuru ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kujilinda asidhuru. Lori kwa gari, gari kwa baskeli, baskeli kwa mtu wa miguu. Na penye njia wanayoshirikiana, mwenye baskeli anampisha wa miguu. Nimeisoma nikasema, hii si ndiyo ileile ya "aliyepanda amsalimie anayetembea"?

Wapo wanaosema tufanye kama Uholanzi, baskeli na njia yake, miguu na njia yake. Huko kuna nafasi. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tokea mwaka 2000, hakuna atakayeruhusiwa kubomoa ukuta ili baskeli ipate njia, na mimi sitaki abomoe. Hapo kwetu kushirikiana ni lazima. Pa kutenganisha ni pwani, Forodhani na Mizingani, ambapo kuna upana, na ambapo jioni watoto wanakimbia wakajirushe baharini huku baskeli zinapita katikati yao. Pale hata mstari wa rangi ungesaidia.

Fundi wa Mwembetanga

Mimi si mtu wa maneno mengi. Natengeneza baskeli, na nimesoma hapo juu kuhusu breki isiyokuwa na mpira.

Kila siku naletewa baskeli. Pancha, mnyororo umekatika, spoku, pedeli. Breki hawaleti. Baskeli isiyokwenda inaletwa siku ileile. Isiyosimama hailetwi mpaka imgonge mtu, na wakati mwengine hata hapo hailetwi. Nikimwambia mtu "breki zako zimekwisha" ananambia "nitatumia mguu." Anakanyaga tairi la mbele kwa ndara. Wallahi nimewaona.

Mipira ya breki ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa dukani kwangu. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Kinachofanya watu waiwache si umasikini, ni kwamba breki mbovu haimuumi mwenye baskeli, inamuuma mwenziwe. Huyo wa tenga la boflo, uzito ule unataka breki mbili nzima.

Mtoto wa Kiponda

Nimesoma yote, na nimemsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika kwenye maneno ya Fundi, akauliza: "Yule kijana alitia mipira?" Nikaona haya, kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Alikuja kumtazama mama mara tatu, tukanywa naye chai, mimi namjua mpaka jina la mwalimu wake wa chuo, na breki sikumuuliza.

Boflo, kuhusu tenga nimekosea. Sikulifikiria. Basi mwenye mzigo asishuke, asimame. Mguu mmoja chini, kengele au hodi, halafu apite. Asiyekuwa na mzigo hana udhuru, ashuke. Na maneno yako juu ya bidhaa zilizotoka nje nayaunga mkono moja kwa moja. Chuoni tulifundishwa pia kwamba anayekaa njiani aipe njia haki yake na azuie udhia, na hilo linamhusu mwenye duka kama linavyomhusu mwenye baskeli. Linatuhusu hata sisi wa barazani tunaonyoosha miguu mpaka katikati. Pikipiki ni kweli, zimeachwa kwenye karatasi, na zikiachwa mimi siwezi kuiita karatasi hiyo ya usalama.

Bi Mkubwa, swali lako la nani atapima mwendo bado sijalijibu vizuri. Jibu nililonalo ni kwamba kengele na breki zinapimika. Mtu anaibana mbele yako, ama inashika ama haishiki. Na ile nusu saa watoto wanapotoka vyuoni, nakubaliana nawe: hapo kila baskeli ikokotwe, yenye mzigo nayo ingoje nje ya mtaa. Nusu saa, Boflo, si kutoka alasiri mpaka isha. Boflo haipoi kwa nusu saa ikifunikwa vizuri.

Alkhamisi baada ya isha tunakaa barazani kwetu, na sheha, kiongozi wa mtaa, ameahidi kuja. Fundi, tafadhali njoo na mipira ya breki, gharama ya jozi za mwanzo iko juu yangu. Kijana aliyemgonga mama nimeshampelekea habari, atakuja na baskeli yake.

Bi Mkubwa wa Vuga

Nitakuja, nikipata wa kunisindikiza. Saini yangu siifuti mpaka nimeiona hiyo nusu saa inashikwa.