Gitaa la studio: nipige vipi nisimfunike mwimbaji?

KijanaDarajani: Asalaam alaykum. Nikipiga kodi kamili (chord, nyuzi zote kwa pamoja) kwenye nyimbo za soul, muziki wa Wamarekani weusi, fundi mitambo analalamika sauti ya mwimbaji inafunikwa. Kina Cornell Dupree, yule mpiga gitaa wa Marekani, walifanyaje?

GitaaWete: Waalaykum salaam. Dupree, mzaliwa wa Fort Worth, Texas, mwaka 1942, sana akipiga nyuzi mbili kwa pamoja, akijaza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Nyuzi nene muachie mpiga besi. Kukiwa na kinanda, punguza tena. Katika kundi la Stuff alikuwa pamoja na Eric Gale, magitaa mawili, na nafasi ikatosha!

Mkunazini: Na nyuzi, shekhe. Hewa yetu ya chumvi inazitia kutu. Zibadilishe siku moja kabla, uzivute kwa mkono na kuzityuni mpaka zitulie. Mpya kabisa hushuka sauti katikati ya kurekodi. Na mwangwi (echo) wa gitaa uzime: ukisharekodiwa hautoki, fundi atautia baadaye.