Tunamlindaje bibi bila kumfanya ajione ametengwa? (Kigoma)

MamaWawili_Kibirizi

Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naombeni ushauri mana uku ndani kwangu pamekuwa pagumu na sina wa kumuuliza zaidi yenu.

Nakaa Kibirizi apa Kigoma mjini, nachuuza dagaa mwaloni, mume wangu ndo anapakia magunia kwenye treni anashusha Tabora anarudi, kwaiyo sisi ni watu wa kutoka kila siku, hakuna ujanja, usipotoka jiko haliwaki. Tunakaa na mama mkwe, umri umeenda, ana sukari na presha. Toka mwezi wa tatu mwaka huu 2020 ilivyotangazwa yule mgonjwa wa kwanza wa korona Arusha mimi nikamuwekea bibi utaratibu wake, sahani yake, kikombe chake, watoto wasishinde chumbani kwake, mgeni akija amsalimie kutokea mlangoni.

Sasa mnawajua wazee wetu wa Kiha, salamu kwao ni jambo kubwa sana. Mtu akija anamshika mikono yote miwili, anasema mwidiwe, anauliza watoto, anauliza shamba, anauliza ndugu wa kule, apo ndo mmesalimiana. Na kula ni sinia moja, ugali wa muhogo na migebuka katikati, wajukuu wamemzunguka yeye anawachambulia miba. Iyo miba jamani ndo furaha yake yote ya siku. Juzi nimempelekea chakula chumbani akaisukuma sahani akaniambia kwani mimi nina ukoma? Nirudisheni Manyovu nikafie kwangu. Mume wangu yuko safarini, nimeshindwa hata kumjibu nimekaa jikoni nalia.

Na apo bado, Rais Magufuli katangaza wakati anafunga Bunge kwamba shule zote zifunguliwe tarehe 29 mwezi huu wa sita, watoto wangu wote wawili wako msingi, wataenda kukaa na wenzao darasa limejaa afu jioni wanarudi kwa bibi yao. Majirani kuna wanaosema ugonjwa umeisha kuna wanaosema upo, takwimu za mwisho tulizosikia ni wagonjwa 509. Naombeni tusibishane umeisha haujaisha, nachotaka kujua nyie mnaokaa na wazee mnaishije nao? Mnawalindaje na wasijione wametupwa?

---

Nesi_Isevya

Dada pole sana, na hongera kwa moyo huo, siyo kila mkwe anafikiria hivyo. Mimi ni muuguzi huku Tabora, nitakujibu kama ninavyowajibu ndugu wa wagonjwa kila siku.

Bibi wa kumlinda ni huyo huyo kweli, umri na sukari na presha vyote vipo kwa mtu mmoja, na hao ndio ugonjwa huu unawaelemea. Ila angalia masharti yako yote umemuwekea nani. Umemuwekea yeye ambaye hatoki. Bibi hana pa kuutoa ugonjwa, ugonjwa ukiingia humo ndani utaingia na wewe kutoka mwaloni, au na shemeji kutoka kwenye treni, au na watoto. Kwa hiyo masharti yahamie kwenu. Wewe ukirudi usipite moja kwa moja, weka ndoo ya koki na sabuni nje kabla ya mlango, nawa mpaka kwenye vifundo vya mikono sekunde 20 na zaidi, nguo za biashara zivulie uani, oga, ndiyo uende kumsalimia mama. Watoto hivyo hivyo wakianza shule. Yeye aendelee kuwa mama mwenye nyumba.

Kuhusu sahani, msimpe sahani yake peke yake, kila mtu awe na sahani yake, baba sahani yake, watoto sahani zao, na mle pamoja nje uani au barazani, yeye akae upande ambao upepo unapita, watoto wasogee nyuma kidogo. Akiona wote mna sahani hataona ametengwa. Na miba anaweza kuchambua akiwa amenawa, anawawekea kwenye sahani zao, hakuna shida. Ugonjwa huu unasafiri zaidi kwa matone ya mtu anapoongea, kukohoa, kupiga chafya, na hatari inakuwa kubwa mkiwa mmejifungia chumbani hewa haitembei. Nje ni bora kuliko ndani, dirisha wazi ni bora kuliko dirisha limefungwa. Yaani kumfungia chumbani halafu mgeni mmoja mmoja anaingia humo humo kumpa pole ni hatari kuliko kumuweka barazani anaona watu wanapita.

Halafu kuna jambo nataka kulisema kwa nguvu maana nimeliona sana huku kwetu kwenye asali. Wazee wa sukari wanapewa chai ya tangawizi na malimau halafu inajazwa asali, asubuhi mchana jioni, eti kinga. Asali inapandisha sukari dada. Tangawizi mpe akipenda, asali hapana. Na kujifukiza, najua kila nyumba ina sufuria ya majani siku hizi, mtu akisikia pua imefunguka namwelewa, lakini mvuke hauui kirusi hiki, na mzee wa presha chini ya blanketi na maji yanayochemka anaweza kupata kizunguzungu akaangukia sufuria. Watoto ndiyo kabisa, wanaungua. Usimfanyie.

La mwisho, dawa zake zisikatike. Kuna wazee wameacha kliniki kwa kuogopa hospitali, presha inapanda kimya kimya. Ongea na kituo chake, sehemu nyingine wanakubali kumpa mgonjwa dawa za muda mrefu kidogo ili asije mara kwa mara, na wewe ndiye uende kuchukua.

---

Mzee_wa_Ujiji

Mwanangu mama wawili, salaam. Mimi mwenyewe ni huyo bibi unayemsema, nina miaka mingi na nina presha, basi nisikilize mimi.

Nchi hii tulifanya dua siku tatu mwezi wa nne, tukafanya na za kushukuru mwezi wa tano, na mimi nilisimama na wenzangu, na naamini Mwenyezi Mungu amesikia. Hofu ilikuwa imetuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Wanangu walinifungia ndani mwezi mzima, chakula kinawekwa mlangoni, nikawa siswali na mtu, siongei na mtu, nikaacha hata kula. Huo upweke usiuone mdogo. Mzee akishaona hahitajiwi hachukui muda.

Nilichofanya nikawaita wanangu nikawaambia niulizeni mimi. Ndiyo tukaelewana. Msikitini naenda ila nabeba mswala wangu wa nyumbani, udhu nachukulia nyumbani, sabuni ipo mlangoni, nikimaliza nainuka narudi sibaki kibarazani kwenye mazungumzo. Mkono sitoi, naweka kifuani, nainamisha kichwa, na wenzangu wote Ujiji wameshazoea. Misiba naenda kuzika nasimama mbali, kula msibani nimeacha. Haya nimeyachagua mwenyewe, hakuna aliyenipangia, ndiyo maana hayaniumi. Kamuombe radhi mama yako mkwe, kaa chini naye, mueleze ugonjwa ulivyo kama unavyomueleza mtu mzima, halafu yeye aseme.

---

MamaWawili_Kibirizi

Baba yangu nashukuru sana, ilo la kumuuliza yeye mwenyewe nalichukua kama lilivyo. Dada nesi ya asali imenishtua kwakweli, apa tunayo dumu ya lita 5 mume wangu kaileta uko Tabora makusudi kwa ajili ya mama.

---

Mwl_Kasulu

Mimi niongelee shule tu. Mama usitegemee umbali wa mita moja darasani, darasa la msingi la kwetu unalijua, dawati moja watoto watatu wanne, mwalimu hata afanyeje hawezi kuwatenganisha, tutaweka ndoo za maji na sabuni tutawakumbusha kunawa na madirisha tutaacha wazi lakini tusidanganyane. Kwa hiyo kazi iko nyumbani jioni. Nguo za shule zifuliwe zikauke juani, uwe na pea mbili ukiweza. Mtoto akiwa na mafua au kikohozi au joto asije shule na asilale na bibi mpaka apone, hata kama unajua ni mafua ya kawaida. Je, kuna mtoto huwa analala na bibi? Hujaandika lakini nyumba nyingi ndiyo ilivyo. Kama yupo mhamishe kitanda sasa kabla ya tarehe 29, usingoje aanze kukohoa, na mwambie bibi sababu ni shule siyo yeye.

Halafu msiwatishe watoto. Mimi kuna mwanafunzi aliniambia mama yake kamwambia ukimshika bibi utamuua. Mtoto wa miaka saba huyo. Mwambieni tunanawa kwa sababu tunampenda bibi, inatosha.

---

Kagunga_Boy

Kuna wanaosema watu wa Kigoma hawawezi kubadilika, wamesahau 2015. Mimi kwetu Kagunga, nyuma mlima mbele ziwa, barabara hakuna, wakimbizi wa Burundi walifika mwezi wa tano mwaka ule maelfu kwa maelfu wakalala ufukweni, maji wanayokunywa ni ya ziwa na ziwa hilo hilo ndo choo, kipindupindu kikaingia kikabeba watu. Meli ya Liemba ikawa inawabeba kwenda Kigoma kidogo kidogo wakapelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika afu kambi ya Nyarugusu. Sisi wenyeji mwanzoni tulikataa kuchemsha maji, kuni ziko wapi, maji ya ziwa tumeyanywa toka babu zetu, mtu anakuletea dawa ya kuweka kwenye maji unaona anakutilia sumu. Ila ilipoingia kwenye nyumba za watu tunaowajua tukachemsha. Na kilichosaidia hakikuwa matangazo ya spika, ni wamama, wamama wa mtaa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wanakaa wanaongea wanaonyesha namna ya kufanya, na mpaka leo kwa mama yangu huwezi kukuta maji mabichi yamewekwa ya kunywa.

Afu juzi juzi Ebola ilipokuwa ng'ambo Kongo tulipimwa joto kila tukishuka bandarini tukazoea, mtu anatoa paji la uso mwenyewe bila kuambiwa. Kwaiyo bi mkubwa atazoea, mpe muda, ila tafuta wamama wenzie anaowaheshimu, wale wa jumuiya yake au wa kikundi, waje wawili sio kundi, wakae nje wamsalimie kwa mbali wao wenyewe. Akiona mwenzie wa rika lake anafanya ivyo ataona ndo utaratibu wa sasa. Wewe ni mkwe, ukimwambia wewe anasikia unamfukuza.

---

Nesi_Isevya

Kagunga umesema jambo kubwa, na mzee wa Ujiji pia. Naongeza moja tu la barakoa. Shirika la Afya Duniani tarehe 5 mwezi huu wametoa mwongozo mpya, barakoa za kitambaa ziwe na tabaka tatu na zivaliwe kwenye msongamano. Treni ni msongamano, mwaloni asubuhi ni msongamano. Shemeji avae ndani ya behewa hata wenzake wakimshangaa, na akirudi safari siku za mwanzo yeye ndiye akae mbali kidogo na mama yake, alale chumba kingine, asalimie kutoka uani. Unaona tena, anayekaa mbali ni aliyetoka safari.

---

MamaWawili_Kibirizi

Jamani nimerudi. Nimekaa nae jana jioni barazani, nimenyamaza nimemuacha aongee. Kumbe kilichomuuma sana sio sahani, ni kwamba wageni wanakuja wanaongea na mimi mlangoni wanaondoka yeye anasikia sauti tu za watu wake toka Manyovu hajui nani kafa nani kaolewa. Tumekubaliana kiti chake kitakaa chini ya muembe uani kuanzia asubuhi, mgeni ananawa anakaa kwenye benchi upande wa pili, mkono kifuani kama alivyosema baba wa Ujiji. Kula wote tuna sahani. Mdogo atalala na dada yake, apo bibi kanuna lakini kakubali. Asali nimeificha, anaitafuta.

Sasa swali moja la mwisho, barakoa ya mume wangu, iyo ya tabaka tatu inashonwa na kitambaa gani? Zinazouzwa stendi nyingi naona ni tabaka moja mwanga unapita.

---

Fundi_Mwanga

Za stendi achana nazo dada. Mimi nashona apa soko la Mwanga, tabaka ya ndani weka pamba laini kama shuka ya zamani iliyofuliwa mana ndo inagusa mdomo na inanyonya jasho, nje weka kitenge kizito kile cha kufumwa kwa kubana, ukikiinua juani usione mtu, katikati naweka kile kitambaa cha mifuko myepesi inayouzwa sokoni siku izi baada ya rambo za plastiki kukatazwa. Kamba za kufunga nyuma ya kichwa sio mpira, mpira ukifuliwa mara mbili tatu unalegea na pembeni panabaki wazi. Mshonee nne kwa safari, akivua iliyotumika aweke kwenye mfuko wake peke yake akifika anafua na sabuni. Ukiwa na kitenge chako lete usinunue kingine, hela ya ufundi tutaelewana, na cha bibi niletee kipande cha kitenge anachokipenda yeye nimshonee bure ya kwendea kliniki.